Mama anataka nimpe mwanangu jina la marehemu mdogo wangu

Shikamoo Anti,

Nina miaka 34, nimeolewa, naishi Tandika, si mbali na nilipozaliwa. Nina binti wa miaka sita. Kwetu tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume ambaye yuko Mwanza kikazi, na mziwanda ambaye humu nitamwita Sudi. Jina lake halisi ni jingine ila maana yake ni hiyo hiyo, bahati. Mama alimpa kwa sababu kabla yake mimba mbili zilitoka.

Sudi alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Alikuwa fundi simu, na meza yake ilikuwa chini ya mwavuli, hatua chache tu kutoka mama anapouza vitumbua. Kazi ya kukaa ndiyo iliyomfaa. Ungemkuta mwezi wa pili, jua la saa nane, kila mtu anajipepea, yeye kavaa jaketi jeusi kafunga zipu mpaka shingoni. Watu wakimcheka anawaambia, "Nyie mpo Temeke, mimi nipo Makete."

Aprili mwaka jana alilowa mvua akitoka Kariakoo kununua vioo vya simu. Usiku mifupa ikaanza. Tulizoea: maji mengi, dawa ya maumivu, kumkanda. Safari hii na kifua kikabana. Alilazwa, akaongezewa damu, siku ya tatu alfajiri akafariki. Alikuwa na miaka 23.

Sasa nina mimba ya miezi saba, na utrasaundi imeonyesha ni mtoto wa kiume. Nilipomwambia mama alikuwa anakoroga unga wa vitumbua. Aliuacha mwiko humo humo kwenye beseni, akanishika tumbo na mikono yake imejaa unga, akasema, "Sudi karudi." Anti, nilisikia baridi. Tangu siku hiyo mtoto keshapata jina. Lile jaketi mama kalifua, kalikunja kaliweka kwenye mfuko, anasema mjukuu atafunikwa nalo siku ya kutoka hospitali.

Mume wangu ni mtu wa Tabora. Kwao wameshasema jina tuamue wenyewe, lakini yeye aliniambia taratibu, usiku tumelala, "Mtoto asibebeshwe msiba asioujua." Shangazi, dada wa marehemu baba, amesema jina la kijana aliyekufa mbichi halirithishwi, ni mkosi. La kurithisha ni la mzee aliyekula chumvi akashiba. Mama alipopata habari, hawakusalimiana wiki mbili.

Mimi nipo katikati. Siwezi kujiona nikiita "Sudi, njoo ule" bila moyo kushtuka. Naogopa mtoto akipata homa tu nyumba nzima itaacha kupumua. Lakini nikikataa naona kama namzika mdogo wangu mara ya pili. Kwa sababu nyumbani hatumtaji, Anti. Tunasema "marehemu". Vitu vya marehemu, meza ya marehemu. Picha yake ipo ukutani imefunikwa kitambaa. Hata wateja: zamani mtaa mzima ulimwita mama "Mama Sudi", kwa kuwa mtoto alikuwa naye pale tangu anatambaa, hata mimi wa kwanza jina langu lilishasahaulika. Siku hizi wanamwita "bi mkubwa" au "mama vitumbua". Wanamstahi, wanaogopa kumtonesha.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Wiki moja kabla hajalazwa nilimtuma gesi. Akasema mgongo unamuuma. Nikamjibu, "Acha kudeka, mtoto wa kiume wewe." Hakusema kitu. Akaenda, akarudi na mtungi begani. Jioni akanirushia vocha ya shilingi 1,000 na ujumbe: "Usinune bibie." Ujumbe ninao mpaka leo, sikuwahi kuujibu. Kuna siku nafikiri labda hili jina ndilo deni langu.

Akika ni siku ya saba. Nimpe au nisimpe?

Dada wa Sudi, Tandika

*

Marahaba mwanangu, na pole. Huyo wa "mimi nipo Makete" amenichekesha peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikakumbuka ninamcheka mtu ambaye sitamkuta Tandika hata nikienda kesho. Basi ndivyo nilivyoisoma barua yako, mara nacheka, mara naiweka chini.

Umeniuliza swali la ndiyo au hapana, na nikikujibu hivyo nitakuwa nimekudhulumu. Unataka kujua kama mtoto atakayezaliwa apewe jina la mjomba wake aliyefariki akiwa kijana. Mama anataka kwa nguvu zote, mumeo anaona ni mzigo, shangazi anaona ni mkosi, na wewe unasema upo katikati. Lakini katika barua nzima sijaona mahali ulipomuuliza mama yako alimaanisha nini. Aliposema "Sudi karudi", ulisikia baridi ukanyamaza, na kimya chako yeye huenda alikichukua kuwa ni ndiyo.

Kwetu pwani anayepewa jina la mtu ni somo yake. Mtu na somo yake ni wawili. Bibi yangu alikuwa na masomo watatu katika ukoo wetu na aliwagombeza wote kwa zamu, hakuna aliyemdhania mwenzake. Kwa hiyo maneno yale ya mama yanaweza kuwa ya mzazi anayeamini kwamba mwanawe amerudi kweli, na hapo ungekuwa na haki ya kuogopa. Yanaweza pia kuwa ya mwanamke aliyekaa zaidi ya mwaka bila habari njema, ikaja moja, na neno la furaha lililokuwa karibu na ulimi wake likawa ni hilo. Mimi sijui ni lipi. Wewe nawe hujui bado.

Kuna kitu ulikiandika kama unapita tu njiani, nami nimekwama hapo hapo. Umesema wateja hawamwiti tena Mama Sudi. Hebu fikiria. Mwaka jana mwezi wa nne mama yako alipoteza mtoto, na baada ya arobaini akapoteza na jina lake mwenyewe. Hakuna aliyemnyang'anya kwa ubaya, walimstahi, kama ulivyosema. Lakini miaka 23 mwanamke huyu aligeuka kila aliposikia "Mama Sudi, nipe vya mia tano", na ghafla likanyamaza. Nyumbani nako picha imefunikwa, na kijana aliyekuwa na utani wa Makete amekuwa "marehemu", neno lile lile tunalompa kila mtu. Je, inawezekana mama haombi mtoto mwingine? Inawezekana anaomba ruhusa ya kulitamka jina hilo kwa sauti, na tumbo lako ndiyo nafasi ya kwanza aliyoipata? Nauliza tu. Kama ni hivyo, basi mnagombania jina la mtoto wakati mama anadai jina la Sudi, na hayo ni madai mawili.

Sasa shangazi. Sitaki umvunjie heshima, na hofu yake si ya kijinga; watu wengi wanayo, wanaogopa mtoto asije akachukua jina pamoja na umri wa mwenye jina. Ila siku mkikaa vizuri mkumbushe kwamba Mtume wetu alizaa wana wakina Qasim na Ibrahim, wote wakafariki wakiwa wadogo, na leo ukisimama mlangoni pa madrasa yoyote ya Temeke ukaita "Kassim!" watageuka watano.

Lakini nina wasiwasi kwamba unachokiogopa wewe si jina. Umeandika, "mtoto akipata homa tu nyumba nzima itaacha kupumua." Mwanangu, hiyo ni hofu ya damu, na imejificha nyuma ya jina. Jina haliingii kwenye damu. Selimundu inarithiwa kwa njia yake: mtoto huugua akipata kinasaba cha ugonjwa kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Wazazi wako wote wawili walikibeba bila kuugua, ndiyo maana Sudi akapata. Wewe huumwi, lakini ndugu wa mgonjwa ambaye mwenyewe haumwi, uwezekano wa kuwa naye anakibeba ni mbili kwa tatu. Ukiwa unakibeba na mumeo hakibebi, mtoto hatapata ugonjwa aliokuwa nao Sudi. Mkiwa mnakibeba wote, basi kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne, na kila mimba inahesabiwa upya, hakuna ya kwanza kumlinda wa pili. Huo ugonjwa si wa pwani tu. Tabora na kanda ya ziwa wanaujua vizuri. Nchi yetu ni miongoni mwa zenye watoto wengi zaidi wa selimundu duniani, hukadiriwa 11,000 hivi huzaliwa nao kila mwaka.

Hujaniambia kama mmepima. Kwa namna ulivyoandika nahisi hamjapima. Ni kipimo cha damu cha kuangalia aina ya himoglobini, na unaweza kukiulizia kliniki ya wajawazito unakohudhuria, uende na mumeo. Mtoto naye anaweza kupimwa akiwa mchanga. Akigundulika mapema kuna mengi ya kufanya ambayo Sudi huenda hakuyapata alipozaliwa: penisilini ya kila siku mpaka afike miaka mitano, chanjo zote bila kuruka, chandarua, maji ya kutosha, na baadaye dawa ya haidroksiyurea inayopunguza yale maumivu. Kuna hatari katika kupima pia, sikufichi. Jibu linaweza kuja baya, mkalala na wasiwasi miezi miwili iliyobaki. Wengine huona heri kujua, wengine husubiri mtoto azaliwe. Zungumzeni. Ila msiamue jambo la jina huku hili limelala chini yake kama nyoka chini ya mkeka, kwa sababu kila hoja ya jina itakuwa inaumwa nalo.

Nikija kwenye jina lenyewe, tuchukue kwamba umempa. Inaweza kuwa baraka kubwa. Mtoto anajua tangu akiwa mdogo kwamba alikuwapo mjomba, fundi wa simu, aliyevaa jaketi kwenye jua, na jina linakuwa la vicheko tena. Upande wa pili ni ule anaouona mumeo, na nadhani ameuona sawasawa. Mtoto akiwa mkorofi ataambiwa "Sudi hakuwa hivi". Akiwa mpole ataambiwa "Sudi mtupu". Kwa vyovyote anapimwa kwa mtu ambaye hatakosea tena, maana aliyekufa hakosei. Ukichagua njia hii, sharti mpatane na mama kabla ya akika, wala si baada yake: huyu ni somo, na ana haki ya kuchukia vitumbua.

Ukisema hapana, mama ataumia, usijidanganye. Anaweza kununa mpaka mtoto aote meno. Hata hivyo kukataa jina si kumkataa Sudi, hilo umelifunga mwenyewe na unaweza kulifungua. Hatari yake ni ukikataa kisha mkarudi kwenye kimya kile kile, picha chini ya kitambaa. Hapo mama ataona amenyimwa mlango wa pekee.

Watu watakushauri uliweke katikati, na hapa kwetu hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Kwenye cheti mtoto anafuatwa na jina la baba na la babu, hakuna kiti cha Sudi katikati. Kilichopo ni jina la nyumbani. Nusu ya watu wa Dar wana jina la shuleni na la nyumbani, wengine mpaka waoe ndipo mke anajua aliolewa na nani. Mnaweza kumwandika jina lingine, bibi yake akamwita Sudi. Ila ujue jina la nyumbani huwa na tabia ya kulimeza la cheti, hasa likiwa kinywani mwa bibi anayeshinda na mtoto. Kama hutaki kulisikia kila siku, njia hii itakupa kile unachokikimbia, kwa mlango wa uani.

Halafu kuna kusubiri. Una mdogo wako Mwanza. Hujasema lolote juu yake, nami nimejiuliza, naye alipoteza mdogo wake, ameulizwa? Pengine yeye angelitaka jina hilo kwa mwanawe siku moja, bila ule mtungi wa gesi begani. Jina si kitumbua, halichachi. Na kama mnatafuta namna ya kumkumbuka mwaka huu huu, mumeo na huyo mdogo wako wangeweza kuchangia damu kwa nia yake, kwa kuwa Sudi aliongezewa damu ya watu asiowajua. Wewe na tumbo lako hamruhusiwi, msubiri. Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu. Siku ya wachangia damu ni tarehe 14 Juni, na siku ya selimundu ni tarehe 19 mwezi huo huo, siku tano tu kati yake.

Nimeutaja mtungi, basi tuuseme. Sitakuambia hukukosea. Uliona mtu mzima aliyesimama wima ukadhani anadeka, kwa sababu maumivu ya selimundu mara nyingi hayana kidonda wala uvimbe wa kumwonyesha mtu. Chembe za damu zinajikunja, zinaziba mishipa midogo ndani kwa ndani, na kwa nje kijana ni yule yule. Wengi waliokaa na wagonjwa miaka wamelisema neno kama lako, halafu wakalala nalo. Lakini neno halizibi mshipa, na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba alilowa mvua wiki moja baadaye. Na tazama alivyofanya. Wewe ndiye uliyemkosea, yeye ndiye aliyetuma vocha. Anayekurushia vocha jioni hakungoja umwombe radhi. Ukimpa mtoto jina ili kulipa, utakuwa unalipa deni ambalo mwenye kudai alishalifuta kwa shilingi 1,000, na atakayekatwa ni mtoto.

Kama unatamani kuujibu ujumbe ule, usiutume kwa namba yake. Laini isiyotumika muda mrefu hugawiwa mtu mwingine, ukatuma yaliyo moyoni ukajibiwa "we nani?" Useme kaburini, au umwambie mama yako. Nadhani yeye ndiye mtu pekee ambaye angekielewa kisa cha gesi kuliko mimi, kwa kuwa sidhani kama katika miaka 23 hakuwahi kumwambia mwanawe naye aache kudeka.

Una miezi miwili, na siku saba juu yake. Usianze na jina la mtoto. Nenda asubuhi pale anapouza, wateja wakishapungua, ukae kwenye kigoda umsaidie kugeuza. Muulize siku aliyozaliwa Sudi ilikuwaje, nani alimsindikiza hospitali, na baba yenu alisema nini alipoambiwa jina. Mwache aseme mpaka achoke, hata karai likiungua. Na ukifika, kabla hujakaa, msalimie kwa jina lake: "Shikamoo, Mama Sudi." Halafu niandikie uniambie aligeukaje.

Anti